Mwaka wa Nyongeza wa Ndalahwa

Kabla watu wa Kasoli hawajamjua Ndalahwa Mayunga kwa jina, walimjua kwa mkono wake wa kulia. Alipokuwa akichunga ng'ombe wa baba yake hakuwa na haja ya kukimbia kumzuia ndama aliyeelekea kwenye pamba ya mtu. Aliokota kijiwe, akakirusha, kikatua mbele ya pua ya yule ndama, na ndama akageuka mwenyewe. Wenzake walijaribu hivyo hivyo, wakaishia kuwatia ng'ombe chongo na kuchapwa na wazazi wao. Kwake yeye lilikuwa jambo la kawaida, kama mtu mwingine anavyojua kupiga mluzi.

Hakuna aliyedhani kwamba mkono huo ungekuwa na faida yoyote. Faida ilitafutwa kichwani. Mzee Mayunga alikuwa na watoto wengi, lakini huyu wa tatu ndiye aliyeshika masomo, na mzee alikuwa ameshawaambia majirani kwamba huyu atasoma mpaka mwisho. Alipomaliza kidato cha sita akapata nafasi katika chuo cha mifugo kilichoko nje kidogo ya mji wa Bariadi. Mzee aliswaga ng'ombe wawili hadi mnadani na hakuonekana kusikitika.

Huko chuoni ndiko mkono ulikopata kazi. Miaka michache kabla yake alikuwepo mwalimu wa kujitolea kutoka Japani, ambaye jioni aliwakusanya wanafunzi kwenye uwanja wa nyuma ya josho na kuwafundisha besiboli. Mkataba wake ulipoisha aliondoka, akaacha begi la glavu, magongo manne, mipira iliyoanza kuchanika nyuzi, na mwalimu mmoja wa hapo chuoni, Athanasi, aliyekuwa ameupenda mchezo ule kama mtu aliyeokoka. Athanasi alimwona Ndalahwa siku moja akirusha jiwe kumtoa nyani kwenye mahindi ya chuo. Alikwenda stoo akarudi na mpira, akampa, akamwambia, "Nirushie kwenye hii glavu." Ndalahwa akarusha. Athanasi akaivua glavu, akakitazama kiganja chake kilivyokuwa chekundu, akamuuliza jina.

Nyumbani habari ilifika kombo. Mzee Mayunga alisikia kwamba kijana wake siku hizi anashinda kwenye gongo, akapiga simu akiwa amekasirika kweli kweli, na ilimchukua Ndalahwa muda mrefu kumweleza kwamba gongo hilo halinywewi, ni mti wa kupigia mpira. Mzee alikata simu hajaridhika. Baadaye aliwasimulia watu klabuni, wakacheka, naye akacheka.

Mchezo wenyewe si mgumu kuuelewa. Mtupaji anasimama katikati ya uwanja na kumtupia mpira mpigaji mwenye gongo, na nyuma ya mpigaji amechuchumaa mdakaji. Mpira ukipita mahali pake na mpigaji akaukosa mara tatu, ametoka. Akiupiga, anakimbia kuzunguka besi, vile vituo vya kwenye pembe za uwanja, na akirudi pale alipoanzia timu yake imepata pointi. Lakini mtupaji akitupa mipira minne ya pembeni, mpigaji anapewa besi ya kwanza bure, anatembea tu kama mtu anayekwenda dukani. Hilo ndilo jambo ambalo mtupaji anaogopa kuliko kupigwa.

Ndalahwa alikuwa mtupaji. Mwaka wake wa mwisho timu ya chuo ilikwenda Dodoma kwenye mashindano ya vyuo na ikafika fainali, jambo ambalo halijawahi kutokea. Raundi ya mwisho pointi zilikuwa sawa. Wapinzani walikuwa na watu kwenye besi zote tatu, na wapigaji wao wawili walikuwa wameshatoka. Alibaki mmoja tu wa kutoa ili zamu yao iishe. Ndalahwa akatupa mpira wa kwanza, ukaenda pembeni. Wa pili, pembeni. Alijifuta jasho kwenye suruali, akatupa wa tatu, nao ukaenda nje. Wa nne aliuona mwenyewe tangu ulipomtoka vidoleni kwamba haufiki. Mpigaji akaliweka gongo chini, akatembea kwenda besi ya kwanza, na kwa kuwa besi zote zilikuwa zimejaa, yule aliyekuwa ya tatu akasukumwa kurudi pale alipoanzia, ikawa pointi. Mchezo ukaishia hapo, wala gongo halikugusa mpira.

Kwenye gari la kurudi Bariadi hakuna aliyemlaumu. Mwalimu Athanasi alikuja kukaa karibu naye, akampa chupa ya maji, akamwambia, "Ungekuwa na mwaka mmoja zaidi, Ndalahwa. Msimu ujao tungewamaliza hawa." Alisema hivyo kama mtu anavyosema pole, kisha akarudi kwenye kiti chake na kulala. Ndalahwa hakulala. Aliyashika maneno yale, na kufika Singida alikuwa ameshayageuza kuwa ahadi.

Mtihani wa mwisho ulikuwa wiki chache mbele. Wanaoruhusiwa kuchezea chuo ni wanafunzi waliosajiliwa, na anayehitimu amekwisha. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Alifanya mitihani yote vizuri isipokuwa mmoja, magonjwa ya mifugo, ambao ndio aliokuwa akiujua kuliko yote. Asubuhi ya mtihani huo alijilaza bwenini na shuka juu ya kichwa, akasikia kengele ikilia na miguu ya wenzake ikikimbia, halafu kimya. Kwenye zahanati ya chuo aliwaambia ni tumbo, wakampa vidonge. Chuo kikampa nafasi ya kuufanya mtihani ule mwezi wa tisa, pamoja na waliofeli. Mwezi wa tisa ulipofika aliaga nyumbani akapanda gari mpaka stendi ya Bariadi, akaingia kwa mama muuza chai, akaagiza chapati. Alikaa pale mpaka alipojua kwamba karatasi zimekusanywa. Simu yake iliita mara kadhaa, akaigeuza juu chini kwenye meza. Aliyekuwa akipiga ni Monika.

Monika alikuwa binti wa kijiji cha Zagayu, darasa moja na Ndalahwa tangu mwaka wa kwanza. Walikuwa wamekubaliana kwamba wakimaliza wote wawili, wataomba kazi, kisha wazee wa Kasoli wataenda Zagayu kwa utaratibu unaojulikana. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Ndalahwa alimwambia tumbo lilimrudia. Monika akasema pole, akamshauri aende akapime hospitali kubwa, wala hakuuliza zaidi.

Mwaka mmoja ni nini, Ndalahwa alijiambia. Watu wanakaa nyumbani miaka mitano wakisubiri ajira.

Kosa lake kubwa ni kwamba hakuwaambia nyumbani. Kila mzee alipouliza mahafali ni lini, alijibu tarehe bado haijatoka. Lakini Kasoli kulikuwa na binti mwingine aliyekuwa akihitimu chuoni hapo hapo, na baba wa yule binti ndiye aliyemwambia Mzee Mayunga tarehe, tena kwa furaha, wakikutana dukani wakinunua mbegu. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha na watu walikuwa wanapanda pamba. Mzee akaliacha shamba. Akavaa koti lake la kanisani, akamchukua mkewe Nyanjige na dada yake, wakapanda pikapu pamoja na familia ya yule binti.

Ndalahwa alikuwa amesimama nyuma ya tenki la maji, mahali ambapo mtu angeweza kuona sherehe bila kuonekana. Alikuja kumwona Monika akiitwa. Akawaona wanashuka getini: baba yake akijikung'uta vumbi, mama yake akiwa ameshika mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko kitu kinachong'aa. Akalitambua shada, yale mashada ya karatasi za rangi wanayovishwa wahitimu. Miguu yake ilitaka kwenda. Kulikuwa na muda wa kutosha. Angeweza kuwafuata pale, akawaambia pembeni, wakageuza. Hakwenda.

Majina yakaanza kusomwa. Mzee Mayunga alikataa kiti, akasimama pembeni ya turubai ili amwone vizuri mwanawe atakapotoka. Kila jina lilipotajwa alinyoosha shingo kidogo. Jina la Monika likasomwa, Monika akainuka na joho lake. Majina yakaendelea mpaka yakaisha, mgeni rasmi akaanza kuhutubia, na mzee alikuwa bado amesimama vile vile, kama mtu anayedhani kwamba kuna karatasi nyingine.

Baada ya hotuba mzee alimwendea Monika. Ndalahwa aliwaona, ingawa hakuwasikia. Monika ndiye aliyemweleza baadaye.

"Mwadila, mayu," mzee alimsalimia kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwadila, baba."

"Mwenzako yuko wapi? Hatujasikia akiitwa."

Monika aligeuka huku na huko, macho yake yakaangukia tenki la maji, na Ndalahwa akaona kwamba ameonekana. Akatoka.

Alisimama mbele yao akiwa amevaa shati la kawaida. Shangazi yake alianza kusema kitu, Nyanjige akamshika mkono.

"Hukuitwa," mzee alisema.

"Ndiyo, baba."

"Umefeli?"

Hapo ndipo angeweza kusema. Alifikiria aseme nini: kwamba aliacha mtihani, si mara moja, mara mbili, ili atupe mpira? Aliona aibu ya kuwa mjinga ni ndogo kuliko hiyo.

"Nimefeli," akasema.

Mzee alimtazama, akatikisa kichwa polepole. Hakukuwa na hasira usoni mwake. "Basi," akasema. "Kufeli si kuiba. Utarudia."

Nyanjige alikuwa bado ameushika mfuko. Alisema shada likirudi nyumbani bila kuvaliwa ni mkosi, akalitoa, akamvisha Monika, akamshika mashavu na kumwambia, "Hongera, ng'wanone, mwanangu." Kisha wakaenda kutafuta gari mapema, maana shamba lilikuwa linasubiri.

Monika alibaki pale na shada la mama wa mwenzake shingoni. Alingoja mpaka wazee walipovuka geti.

"Magonjwa ya mifugo," akasema. "Wewe ndiye uliyenifundisha ndigana kali mpaka nikaelewa. Umefelije?"

Ndalahwa akamwambia ukweli. Alidhani kwamba Monika, kwa kuwa alimpenda, angeelewa hata kama angekasirika. Akamweleza habari ya mipira minne, akamweleza alichosema mwalimu kwenye gari, akamweleza kwamba tangu siku ile hajalala usingizi wa maana.

Monika alisikiliza yote. "Kwa hiyo mwezi wa tisa hukuumwa."

"Sikuumwa."

"Nilitoka Zagayu nikaja chuoni kukutia moyo, nikawa nakupigia simu. Nilimwomba msimamizi akusubiri dakika chache. Nilisimama mlangoni kama mtu aliyefiwa."

"Ni mwaka mmoja tu, Monika. Msimu ukiisha namaliza, tunaendelea na mipango yetu."

"Ungeniambia kabla, labda ningekusubiri. Mimi si mtu wa haraka. Lakini ulikaa ukanipigia hesabu, ukaona huyu naweza kumweka pembeni, hataharibika." Alianza kulivua shada, likanasa kwenye kofia ya joho, akaliacha. "Baba yako amesimama pale jua lote."

Hakusema kwamba wameachana, na kwa miezi kadhaa walitumiana ujumbe wa salamu. Monika alipata kazi ya muda Zagayu. Baada ya Krismasi salamu zikapungua, halafu zikawa za sikukuu tu.

Ndalahwa akarudi chuoni kukariri mwaka pamoja na watu waliokuwa wakimwita kaka. Vipindi alivijua vyote. Alikaa nyuma akichora viwanja kwenye pembe za karatasi. Maisha yake yalianza saa kumi jioni. Mwalimu Athanasi alipomwona siku ya kwanza ya mazoezi alishangaa.

"Wewe si ulihitimu?"

"Ninarudia mwaka, mwalimu. Tutawamaliza msimu huu."

Athanasi akamtazama. Kama alikumbuka maneno yake ya kwenye gari, hakuonyesha. "Haya," akasema, "wafundishe hawa wapya."

Kati ya wapya alikuwamo Maduhu, kijana mrefu, mkimya, mwenye vidole virefu. Ndalahwa alimfundisha namna ya kuushika mpira juu ya nyuzi zake, namna ya kuiacha nguvu itoke kiunoni, namna ya kutomtazama mpigaji usoni. Alimfundisha kwa moyo, kwa kuwa timu inahitaji mtupaji wa akiba. Hakumhofia. Msimu ule aliuona kama shamba ambalo mtu ameshalilipia.

Mazoezi ya timu hayakumtosha. Kila wenzake walipokwenda kuoga yeye alibaki na ndoo ya mipira ya zamani, akiutupia ukuta wa josho ambako alikuwa amechora mraba kwa chokaa. Alijipa masharti: mpira mmoja ukitoka nje ya mraba, anaanza upya kuhesabu. Jumamosi alitupa asubuhi na jioni. Jumapili alitoka misani akaenda ukutani. Wanafunzi waliokuwa na vyumba upande ule walizoea mlio wake.

Mwezi wa tatu bega likaanza kuuma. Mwanzoni lilikuwa joto tu, kama mtu aliyelalia mkono. Kisha akashindwa kuvaa shati bila kuanza na mkono wa kulia. Akawa anameza vidonge vya maumivu kabla ya mazoezi na kujipaka dawa usiku, na mtu akimuuliza harufu ile ni ya nini alisema ni dawa ya mbu. Deogratias, mdakaji wa timu, ndiye aliyegundua, kwa sababu mdakaji anaijua mipira ya mtupaji wake kama mtu anavyojua hatua za mkewe uani.

"Mpira wako umepungua nguvu," Deogratias alimwambia.

"Naubana kwa makusudi. Nauhifadhi mkono."

"Pumzika wiki mbili."

"Nitapumzika Julai, mashindano yakiisha."

Mwanzoni mwa mwezi wa tano walikwenda Maswa kucheza mechi ya kirafiki na timu ya mtaani pale Nyalikungu. Ilikuwa mechi ya kujipima, hakuna aliyeitilia maanani, na watazamaji wengi walikuwa wanafunzi wa sekondari waliokuja kushangaa. Raundi ya pili Ndalahwa alitupa mpira, akasikia kitu ndani ya bega kikiachia, kama mshono wa gunia. Mpira uliangukia karibu na miguu yake. Akauokota kwa mkono wa kushoto, akajaribu kuuhamishia wa kulia, na vidole havikuushika. Alikaa chini pale pale katikati ya uwanja.

Hospitalini daktari alimuuliza maumivu yalianza lini. Akasema juzi. Daktari akambonyeza mahali, akamtazama usoni, akasema, "Hapana, si juzi." Msuli ulikuwa umechanika. Ungeshika tena, lakini si kwa kutupa mipira. Akamshauri hata kuinua ndoo atumie mkono mwingine.

Athanasi alimwita ofisini siku zile zile. Alikuwa na uso wa mtu mwenye huruma na haraka kwa pamoja.

"Atatupa Maduhu," akasema. "Umemfundisha vizuri."

"Naweza kwenda hata kukaa benchi, mwalimu."

"Gari lina viti vichache mwaka huu. Wewe baki, ujiuguze, ujisomee mtihani wako." Akachukua kalamu. "Hivi, ule mtihani, ni kweli kwamba uliuacha?"

"Mwalimu ulisema ningekuwa na mwaka mmoja zaidi."

Athanasi akaiweka kalamu mezani. "Mimi nilisema hivyo?"

Ndalahwa akatoka.

Walishinda. Aliangalia vipande vya fainali kwenye simu, vilivyotumwa kwenye kundi la timu, amekaa peke yake bwenini. Haikuwa hata mechi ya kukaza. Wale wale waliowafunga mwaka uliotangulia walikuwa wamepoteza wachezaji wao wazuri, na pointi zilikuwa sita kwa moja. Maduhu alitupa bila papara, bila kumtazama mpigaji usoni. Mwishoni walimbeba. Ndalahwa aliandika "hongereni", akaifuta, akaandika tena, akatuma. Kabla ujumbe wake haujasomwa na watu watatu ulikuwa umeshafunikwa na picha.

Aliufanya mtihani wa magonjwa ya mifugo akiandika kwa kutegemeza kiwiko mezani, akaufaulu kwa alama za juu kabisa. Hakukuwa na mtu wa kumwambia. Kipindi kile kile aliona picha za sendofu ya Monika, sherehe ya kumuaga anayekwenda kuolewa: amevaa gauni la kijani, karibu naye bwana mmoja wa halmashauri aitwaye Fredrick, mwenye sura ya upole. Alizitazama zote mpaka ya mwisho, ile ya wapishi.

Akarudi Kasoli wakati wa kuchuma pamba. Huko mkono ulimuumbua zaidi, kwa sababu kuchuma alichuma kwa mkono mmoja, na magunia yakabebwa na dada zake. Mzee hakumsema. Ndalahwa alikuja kujua kwamba mwaka mzima ule, watu walipomuuliza mzee habari za msomi wake, alikuwa akiwajibu kwamba kijana masomo yalimzidi, anarudia taratibu, si kila mtu ana kichwa chepesi. Mzee mwenye kujisifu vile alikuwa ameyasema hayo klabuni, kanisani, na kwenye chama cha ushirika wakati wa kuuza pamba. Alikuwa amemkinga.

Siku moja mchana Deogratias akaja. Alikuwa anapita kwenda kwao, akasema ana mzigo wa Ndalahwa. Walikuwa wote uani wakichambua pamba, wakitenganisha nyeupe na ile yenye madoa. Wakamkaribisha, Nyanjige akamletea maziwa mgando. Deogratias akatoa mfukoni medali yenye utepe wa bluu.

"Mwalimu ametuma. Maduhu mwenyewe ndiye aliyekumbusha kwamba na wewe upate."

Ndalahwa akaipokea kwa mkono wa kushoto. "Angalau kile cha mwaka jana kimelipwa," akasema.

"Kipi?"

"Ile mipira minne. Fainali."

Deogratias alikuna kichwa. Alikuwa mtu asiyejua kuficha, na uso wake ulionyesha kwamba anatafuta na haoni. "Fainali ile si ndiyo tuliyocheza nusu ya timu inaharisha? Mimi nakumbuka vyoo tu vya ile hosteli."

"Nilitupa minne nje, mfululizo. Mchezo ukaisha."

"Inawezekana," Deogratias alisema. "Lakini tulikuwa tumeshachoka wote. Mimi mwenyewe niliachia mipira miwili mapema, ndiyo maana wakasawazisha." Akanywa maziwa. "Kwani ndiyo sababu uliuacha ule mtihani? Bwenini sisi tulidhani umependa tu kucheza."

Alisema bila nia mbaya. Bwenini lilikuwa jambo la kawaida kabisa, kila mtu alilijua. Lakini mikono ya Mzee Mayunga ilisimama juu ya pamba. Nyanjige akamtazama mumewe, kisha akainua kikombe cha mgeni kukiongeza maziwa, ingawa kilikuwa bado kimejaa.

Mzee alimsindikiza Deogratias mpaka barabarani kama desturi, akamtakia safari njema, akarudi, akakaa palepale.

"Uliuacha," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Na wa pili?"

"Na wa pili."

Mzee alichambua pamba kidogo. Alipozungumza alizungumza Kisukuma, polepole, kama mtu anayemweleza jambo mgeni. Alisema, "Siku ile ya mahafali, tukirudi kwenye gari, mama yako alilia. Nikamwambia asilie, nikamwambia mtoto hana akili za kutosha, si kosa lake, sisi ndio tuliomzaa hivyo. Nimewaambia watu hivyo hivyo. Nimejizoesha." Akaiweka kando pamba yenye doa. "Kumbe akili ulikuwa nazo."

Ndalahwa alitaka kusema samahani. Mzee aliinua mkono.

"Afadhali ungekuwa mjinga," akasema, akarudi kwenye pamba yake.

Lilikuwa neno la mwisho kati yao juu ya jambo hilo. Hakumfukuza, hakumnyima chakula. Ndalahwa mwenyewe ndiye aliyeona kwamba nyumba imekuwa na baridi, akatafuta kazi, akapata mkataba wa chanjo ya mifugo katika vijiji vya karibu, akapanga chumba. Januari Athanasi alimpigia simu, sauti yake changamfu: msimu mpya unaanza, chuo kimepata magongo mapya, vijana ni wengi, Maduhu yuko kwenye kiwango cha juu, kwa nini asije mara moja kwa wiki kuwasaidia? Ndalahwa akasema ataangalia ratiba yake. Hakuwa na ratiba yoyote wiki ile.

Zamu ya chanjo ilipofika kwa jirani zao wa Kasoli, ng'ombe walikusanywa kwenye zizi la Mzee Mayunga, kwa kuwa ndilo kubwa. Ndalahwa alifika asubuhi na pikipiki na sanduku la barafu. Watu walikuwa wengi. Akamsalimia baba yake, "Mwangaluka, baba," na mzee akaitikia vizuri, akaingia ndani, akatoka na kiti cha mbao, kile cha katekista akija na cha mwenyekiti wa kijiji akija, akakipangusa kwa kofia yake.

"Karibu, bwana mifugo," akasema.

Majirani wakacheka kwa furaha. Walidhani mzee anajivunia mwanawe. Mmoja akasema, "Sasa Mayunga umepata matunda," na mzee akatabasamu, akakubali.

Ndalahwa hakukaa kwenye kile kiti. Aliwachoma sindano ng'ombe wote wa zizi kwa mkono wa kushoto, mmoja baada ya mwingine, jua likipanda. Baba yake alisimama upande wa pili wa boma pamoja na wengine, akimwonyesha wale waliokwisha na wale waliobaki, akimwita kila mara kwa cheo hicho hicho, kwa adabu, bila kukosea hata mara moja. Ng'ombe wa mwisho alipoachiwa, mzee alimgeukia binti mmoja wa nyumbani.

"Mleteeni bwana mifugo maji anawe," akasema. "Ana safari."